Lala Wewe Kwanza Kule Matuile

— Gaëlle, ingia basi. Juu ya nini unasimama ku mulango sawa mugeni?

— Niko naangalia kadena, hii kufuli.

— Kadena iko na nini?

— Iko mupya. Na hii chuma yenye kuishika, wameichoma soudure mara tatu. Ona alama. Nani anavunjaka huu mulango, Yves?

Yves alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshafunika ile chuma.

— Fundi alikuwa mubaya. Alirudilia kazi.

— Mara tatu?

— We umekuja kuona nyumba ao umekuja kufanya enquête sawa polisi?

— Vyote mbili.

Zilibaki Jumamosi mbili wafunge ndoa. Gaëlle alikuwa na miaka ishirini na saba, mkunga wa maternité pale Kirotshe, msichana wa Mweso aliyekimbia vita na mama yake mpaka kwenye ziwa. Miaka minne walikuwa wamepanga chumba kimoja cha mbao nyuma ya soko, mvua ikinyesha wanahamisha kitanda. Yves aliuza saruji na mabati. Alimpenda Gaëlle, hilo hakuna aliyelibishia. Alimngojea kila jioni nje ya maternité, hata siku ambazo kazi ilichelewa, na hakuwahi kununa.

Sasa alikuwa amejenga nyumba. Na si mahali popote, bali Matuile, kile kilima kinachotazama ziwa. Zamani palikuwa mashamba ya maharagwe na vibanda vya majani. Leo palikuwa nyumba za matofali, mabati mekundu na ya bluu yaliyokatwa mfano wa vigae, ambavyo kwa Kifaransa ni tuiles, ndiyo maana watu wakapaita hivyo. Barabara imemwagwa kokoto, na robinet ya maji iko ndani ya uwanja. Kila mtu Kirotshe alisema atakayepata nyumba Matuile amepona.

— Chumba cha Mama yako njo hiki, Yves alisema. — Dirisha inaangalia ziwa. Wiki ijayo mulete vitu. Mutakaa hapa hata mbele ya ndoa, hakuna shida.

— Mbele ya ndoa? Mimi na Mama peke yetu?

— Mimi nitakuwa nakuja mchana. Niko na kazi ya depo.

Gaëlle alizunguka uwanja akatazama nyumba za jirani, moja baada ya nyingine. Zilikuwa nzuri. Lakini hakuona kamba hata moja yenye nguo, wala nepi, wala sufuria iliyoanikwa juani. Hakusikia mtoto akilia. Mtu wa maternité lazima asikie mtoto akilia.

— Yves, hapa watu wanaishi?

— Wanaishi, kwa nini wasiishi?

— Wako wapi?

— Gaëlle! Sasa unaanza kunikasirisha.

Jumatatu asubuhi hakuenda kazini moja kwa moja. Alimtafuta Umutoni, mama mmoja wa familia ya wafugaji aliyeteremsha maziwa kila siku kutoka milimani, bidoni mbili za njano kwenye moto, yaani pikipiki, ya mjomba wake. Mwezi wa pili Gaëlle alimzalisha mapacha. Tangu hapo walikuwa wanaitana dada.

— Dada Umutoni, kule Matuile unauzisha maziwa kwa nani?

Umutoni aliweka bidoni chini.

— Nyumba makumi mbili na kitu, dada. Maziwa wananunua ku nyumba tatu. Zingine ni walinzi tu, na mulinzi hanunuaka maziwa. Wenyewe wako Goma, wanakuja siku ya Mungu kupiga picha ku balcon.

— Na ile ya lango ya kijani? Kando ya tanki ya maji?

Umutoni alifunga upya kitambaa chake kichwani, polepole.

— Njo ile munataka kuhamia?

— Sema tu.

— Mwalimu mumoja aliingia pale kupanga, na bibi na watoto. Nilikuwa nawapelekea litre mbili kila asubuhi. Wiki ya tatu nikakuta vioo vyote chini, na bibi anapakia godoro. Kisha wakaweka mulinzi. Ule walimupasua kichwa na jiwe. Sijui kama alipona vizuri.

— Wanyang'anyi?

— Wanyang'anyi gani wanavunja vioo na hawabebi hata kiti? Ile parsele ni ya Mama Brigitte, dada. Alilima maharagwe pale tangu ameolewa. Vita ikakuja, akakimbilia Kibua, kule Walikale. Vijana wake wawili walirudi mbele yake, wakakuta fondation imeshainuka. Wana hasira. Mimi siwapatie haki ya kupasua kichwa ya muntu. Lakini hasira yao naijua inatoka wapi.

Gaëlle alizungusha pete ya uchumba kidoleni mwake.

— Yves anajua?

— Dada yangu, mwaka jana vijana walimupelekea barua ya tribunal, ya mahakama, mu mukono. Niliwaona. Nilikuwa pale na bidoni zangu.

Saa nne Gaëlle alisimama depo, ndani ya koti lake jeupe la kazi. Yves alikuwa anapanga mifuko ya saruji. Akafurahi kumwona, akajipangusa mikono.

— Chérie! Umeniletea chakula?

— Nimekuletea masharti. Mbele mimi na Mama tuingie ile nyumba, wewe lala kwanza kule. Wiki moja, peke yako. Kila asubuhi nitakuja na chai tunywe pale pale.

— Lakini kazi...

— Kazi unafungaka saa kumi na moja.

— Hakuna kitanda.

— Nitakupa mukeka.

— Gaëlle, hiyo ni kukosa heshima. Mimi ni bwana yako.

— Bado. Umelala kule hata siku moja tangu umalize paa? Siku moja tu, Yves. Niambie hata uongo.

Yves aliangalia mifuko. Na hapo simu yake ikalia juu ya meza. Jina lilisomeka wazi: Léopold. Huyo ni kaka yake mkubwa, komisionere, yaani dalali wa viwanja, mtu anayejulikana Kirotshe yote kwa viatu vyake vya kung'aa na karatasi zake zenye mihuri.

— Pokea, Gaëlle alisema. — Weka sauti tusikie wote.

— Nitamupigia kisha.

— Pokea, ao navua hii pete nakuachia juu ya saruji.

Yves alipokea. Sauti ya Léopold ikajaa depo.

— Mudogo, ule muke ameingia ao bado?

— Bado, kaka. Lakini...

— Sasa unangojea nini? Nilikueleza. Tribunal inarudi mwisho wa mwezi. Wakikuta mulinzi, watamufukuza. Wakikuta mukunga yenye amezalisha nusu ya Kirotshe, na mama yake mukongwe, na wote wakimbizi wa Mweso, nani atathubutu kuwatoa inje? Na wale vijana hawatatupa jiwe ku mama mukongwe.

— Kaka, ngoja...

— Na kama wakitupa, ni muzuri zaidi. Tunawafunga.

Gaëlle aliichukua ile simu kutoka mkononi mwa Yves.

— Papa Léopold, ni mimi. Huyu mukunga. Nimesikia.

Upande wa pili simu ikakatika.

Yves alipiga magoti palepale kwenye vumbi la saruji.

— Gaëlle, nisikilize. Kaka aliniuzia akasema karatasi ziko safi. Nilijua ukweli nyumba imeshafika ku paa. Jasho yangu yote iko pale. Nilikuwa nafanya nini?

— Ungeniambia!

— Niliogopa utaniacha.

— Ukaona heri jiwe liniangukie! Mama yangu alikimbia Mweso na sufuria moja ku kichwa, na wewe unamupatia chumba chenye dirisha ya ziwa ili kichwa yake ikuwe kadena yako! Wewe mwenyewe unaogopa kulala kule, wewe mwanaume na mabega yako, lakini bibi yako alale!

— Nilidhani hawatatupa...

— Ulidhani! Mulinzi alipasuliwa kichwa, na wewe unadhani!

Wanunuzi walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja na bati begani. Gaëlle hakujali. Alivua pete, akaiweka juu ya mizani, akatoka.

Nyumbani alimkuta Mama Élisabeth, mama yake, akifunga vyombo kwa kamba. Kikapu, mwiko, picha ya marehemu baba kwenye kitambaa.

— Fungua, Mama. Hatuendi.

Alimweleza yote. Mama alisikiliza akiwa ameshika kamba. Kisha akakasirika, lakini si kama Gaëlle alivyotarajia.

— Na wewe uliona lazima uulize! Miaka mine nalala na maji ku miguu! Bwana anakupenda, nyumba iko, robinet iko. Wale vijana wangezoea!

— Mama, ile shamba ni ya muntu. Mama Brigitte, alikimbilia Kibua.

— Wote tulikimbia!

— Njo hivyo, Mama. Na yetu ya Mweso? Ile ya chini ya shule. Leo iko na nyumba ya nani juu yake?

Kamba ikamtoka Mama Élisabeth mkononi. Akakaa kwenye kitanda na kulia kwa hasira, akijipiga paja, akilitaja lile shamba mstari kwa mstari: hapa mihogo, hapa maharagwe, hapa tulimzika dada yako mdogo. Gaëlle akakaa kando yake. Siku hiyo hawakupika.

Simu ya Gaëlle ilijaa mesaji za Yves.

"Gaëlle nisamehe. Nitauza hii nyumba tununue pengine."

Akajibu: "Utauza nini? Haiko yako."

"Sasa unataka nifanye nini? Niambie nitafanya."

"Usiniombe mimi musamaha kwanza. Mwenye parsele iko Kibua. Barabara unaijua."

Kisha akaizima.

Siku kumi na tatu Yves hakuonekana Kirotshe. Depo ilifungwa. Watu wakasema amekimbia aibu, wengine wakasema amepata mwanamke Goma. Jumamosi ya ndoa ikapita kama siku ya soko. Gaëlle alizalisha watoto watatu siku ile, na kila aliyemuuliza habari za bwana harusi alijibiwa: "Sukuma, Mama, usiniulize, sukuma."

Siku ya kumi na nne Umutoni alikuja mbio maternité.

— Dada, toa hizo gants ku mikono! Yves iko tribunal. Amekuja na Mama Brigitte ku moto moja!

Gaëlle alifika akiwa anahema. Chumba kilijaa mpaka madirishani. Yves alisimama mbele, suruali yake imekauka matope mpaka magotini, macho mekundu ya njia ya Walikale. Kando yake mama mmoja mfupi, mikono ya jembe, kitenge kilichochujuka. Vijana wake wawili nyuma. Na kule upande wa pili Léopold, viatu vinang'aa.

— Rudilia, jaji alisema.

— Parsele ni ya huyu Mama, Yves alisema. — Karatasi niliyonayo ni ya uongo. Nilijua tangu mwaka jana, nikanyamaza. Mwenye aliitengeneza ni kaka yangu Léopold, na niko tayari kuonyesha wapi.

Léopold aliruka juu.

— Mumbwa wewe! Damu yangu mwenyewe! Nani alikulea?

— Wewe njo ulinilea, kaka. Na njo juu ya ile nilinyamaza. Leo basi.

Jaji aligonga meza. Mama Brigitte akaomba neno.

— Huyu kijana alikuja Kibua. Nilimutupia maji ya kunawia. Akabaki inje. Siku mbili nilimutukana, na yeye anakubali tu. Simupendi mpaka sasa. Lakini ni wa kwanza kunifikia na kuniita mwenye shamba. Nyumba sikuiomba. Vijana wangu walitupa mawe ku nyumba ya watu, hiyo ni kosa, walipie ule mulinzi dawa. Lakini udongo ni wangu, na nitabaki nao.

Hukumu ilitoka Ijumaa iliyofuata. Shamba lilirudi kwa Mama Brigitte. Léopold alichukuliwa akajibu mashtaka ya mihuri yake. Nyumba ya Yves, jasho la miaka mitatu, ilibaki kwa mama yule.

Siku ile ya ushahidi, Gaëlle alimngojea Yves nje. Alikuwa amekunja mikono.

— Usidhani nimekuja kukukumbatia.

— Sidhani.

— Niko na kasirani mpaka ku meno. Nikikuangalia nasikia sauti ya kaka yako.

— Najua.

— Wiki ngapi ungeniachia kule? Ungekunywa chai yako mu depo, mimi niko naokota vioo?

Yves alibandua tope kavu gotini.

— Nilikuwa mwoga, Gaëlle. Hakuna jina ingine.

— Rudilia.

— Nilikuwa mwoga.

— Basi. Usilipambe. Sina nyumba ya kukupa, na wewe huna ya kunipa. Ukiweza kukaa na hasira yangu, nipeleke nyumbani kwa miguu. Ukichoka njiani, rudi.

Alimpeleka. Akampeleka na kesho yake, na kesho kutwa, miezi mitano. Siku nyingine Gaëlle hakusema neno hata moja njia nzima. Siku nyingine alianza ugomvi upya tangu mwanzo, na Yves akausikiliza wote. Walitafuta nyumba pamoja. Zaidi ya kumi walikataa, kwa sababu Gaëlle alipiga hodi kwa kila jirani kwanza: nani alikaa hapa, alitoka juu ya nini, yuko wapi leo? Mwishowe walipata vyumba viwili vya mbao karibu na hospitali. Mvua ilivuja upande mmoja tu. Jirani wa kulia alikuwa na watoto saba na kelele zisizoisha. Mama Élisabeth alisikia zile kelele, akasema hapa panafaa.

Ndoa ilifungwa ofisini, Alhamisi, bila ngoma kubwa. Mama Élisabeth mbele, Umutoni na mapacha wake, na Mama Brigitte nyuma kabisa, aliyesema amekuja kuhakikisha tu. Mwandishi wa serikali alivaa skafu ya bendera akasoma sheria kwa sauti ya kuchoka.

— Bibi na bwana wataishi pamoja mahali watakapochagua wote wawili kwa kusikilizana...

— Simama hapo, Papa, Gaëlle alisema.

Yves akajifuta jasho.

— Kuna shida, Mama? mwandishi akauliza.

— Hakuna. Soma tena ile mustari. Polepole. Na umuangalie yeye.

Mwandishi akasoma tena, polepole, akimwangalia Yves.

— Umesikia? Gaëlle akamuuliza.

— Nimesikia.

— Basi leta kalamu.