Mchungwa Ulionukia Limau

"Usinifundishe kunusa, Mama Miche. Pua ninayo, na inafanya kazi," alisema Mama Pindo. Alilisaga jani kwa vidole akalisogeza mpaka chini ya pua ya jirani yake. "Haya, nusa na wewe. Hilo ni chungwa?"

Mama Miche alinusa, kisha akanusa tena.

"Linanukia limau," alikubali. "Lakini mimi niliunga mchungwa. Kwa mkono wangu huu."

"Basi mkono wako una miujiza. Unaunga chungwa, linaota limau."

Watu waliokuwa wamejikusanya kwenye uzio wakacheka. Ugomvi wa wanawake hao wawili ulikuwa kitu kigeni pale mtaani. Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, mkanda wa kupimia haumtoki shingoni. Jirani yake alikuza miche ya matunda na maua nyuma ya nyumba, ndiyo maana akaitwa Mama Miche. Miaka yote walikuwa wakiazimana chumvi, mkaa na habari za watu. Siku hiyo hakuna aliyekuja kuazima kitu.

Kidoti, mtoto wa kaka yake Mama Miche, alikuwa amechutama kwenye bomba akisugua sufuria. Sufuria ilikwisha kung'aa zamani, lakini yeye alisugua tu. Hakuthubutu kuinua uso.

Mchungwa uliokuwa ukigombaniwa haukuwa mti wa mchezo. Ulipandwa na marehemu mama yake Mama Pindo, na machungwa yake yalikuwa matamu mpaka watoto wa mtaa wa pili walijua njia ya kuyafikia. Mizizi yake ilipoanza kupasua mfereji wa maji machafu, ikabidi ukatwe. Mama Pindo alilia kama aliyefiwa mara ya pili. Shangazi akamwambia, "Usilie. Nitakurudishia mti ule ule." Akakata vijiti vichache kabla shoka halijaingia. Kwenye kila kijiti kulikuwa na macho, yaani vile vichipukizi vidogo vinavyolala pale jani linaposhikana na tawi. Akayapachika macho yale chini ya ganda la miche ya mlimau, akafunga kwa utepe wa nailoni. Mlimau hutoa mizizi yenye nguvu, jicho hutoa matunda ya mti lilikotoka. Macho mengine yalikufa. Moja tu ndilo lililoshika, na ndilo lililokuja kupandwa kwa Mama Pindo.

"Mama yangu alikuwa na mchungwa mmoja tu duniani," Mama Pindo alisema, sauti ikianza kukatika. "Nawe umeubakisha kwako, ukanipa mimi limau. Sawa. Ila mwanangu Sindano asionekane tena kwenye ua huu. Na ukikosa chumvi, duka liko wazi."

Akaondoka, mkanda ukipeperuka.

Kesho yake, njiani kwenda shule, Sindano alimfuata Kidoti kwa nyuma hatua chache. Aliitwa Sindano kwa wembamba wake, na kwa jinsi maneno yake yalivyochoma.

"Mama kasema nisiongee nawe," alisema. "Lakini naongea peke yangu, wewe sikia tu. Eti shangazi yako aliiba mti wetu?"

"Hakuiba."

"Umejuaje?"

Kidoti akaongeza mwendo. Alijua vizuri sana.

Kabla mche haujapelekwa kwa Mama Pindo, shangazi aliposafiri kwenda kumuuguza dada yake, alimwachia Kidoti miche yote. "Nyanya zitoe nje, zinataka jua," alimwelekeza. "Huu ulioungwa uache chini ya wavu wa kivuli mpaka kiungo, pale jicho lilipopachikwa, kikomae. Na chochote kitakachochipua chini ya kiungo, kibandue, hicho ni cha mlimau." Kidoti akatoa nyanya. Zilizokuwa nyembamba na kulegea kivulini zilinenepa, zikasimama. Akaona ameshajua kazi. Kama jua limefanya hivyo kwa nyanya, je, kwa mchungwa? Akautoa nao, ukakae juani kutwa nzima. Alitaka shangazi akirudi akute mti, si kijiti.

Kichipukizi kile laini kikakauka kama karatasi. Kidoti alihangaika, akamwagia maji mpaka udongo ukawa tope. Halafu chini ya kiungo likachomoza chipukizi jingine, nene, la kijani kibichi. Alijua la kufanya ni kulibandua. Badala yake akakata kile kilichokauka, akaufunga utepe vizuri kuficha mahali pale, akaliacha chipukizi likue. Shangazi aliporudi, Mama Pindo alikuwa tayari mlangoni akidai mti wake. Shangazi aliona majani yamestawi, akafurahi, akamkabidhi. Kidoti akasema moyoni kwamba mti ni mti.

Ukakua haraka kweli, tena wenye miba. Mpaka muuza mkaa alipopita, akasugua jani, akampongeza Mama Pindo kwa mlimau mzuri.

Siku zilizofuata wateja wa shangazi walipungua. Waliokuja walinusa kila jani kabla ya kuuliza bei. Bwana mmoja alinusa mpaka mche wa mpapai, akatikisa kichwa akaenda zake. Mwanzoni shangazi alicheka. Baadaye hakucheka.

Jioni moja walikuwa chini ya wavu, Kidoti akishika utepe, shangazi akiunga miche mipya. Ghafla shangazi akasimamisha kisu.

"Labda ni kweli nilichanganya," alisema polepole. "Labda siku ile niliunga limau kwa limau. Macho yangu si kama zamani. Nafikiri niache kuunga, niuze nyanya tu."

Kidoti aliitazama ile mikono. Ilikuwa imekishika kisu bila kukata, mikono ambayo hajawahi kuiona ikisita. Akaweka utepe chini.

"Hukuchanganya, shangazi. Mimi niliutoa juani."

Akasema yote: nyanya, jua, tope, chipukizi, utepe. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akifuta kisu kwa kitambaa ingawa kilikuwa safi.

"Mche kila mtu anaua," alisema hatimaye. "Mimi nimeua mingi, na ule nao nilipaswa kuukagua kiungo chake kabla ya kuutoa. Lakini umenikalisha hapa niishuku mikono yangu mwenyewe, na jibu unalo. Hilo limeniuma. Vaa kandambili, twende. Utasema wewe, mimi nitasimama tu."

Mama Pindo alikuwa akipinda sketi za shule. Kidoti alipoanza kusema, mguu wa fundi uliendelea kukanyaga cherehani. Alipofika kwenye utepe, cherehani ikanyamaza.

"Kwa hiyo umekwisha," alisema Mama Pindo. Hakumtazama Kidoti. "Mchungwa wa mama umekwisha."

Sindano, aliyekuwa akikata nyuzi, alijifanya hayupo.

"Jirani," shangazi aliuliza, "ule mti mama yako aliununua mche, au alipanda mbegu?"

"Mche wa kununua autoe wapi? Alikula chungwa akiwa na mimba yangu, akafukia mbegu kwenye kopo. Akasema mimi na mti ni pacha. Basi watu walinicheka sana, maana nilitembea, nikaongea, nikaanza na shule, pacha wangu hajazaa hata chungwa moja."

"Mbegu ndivyo zilivyo, zinakuchelewesha," shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lakini mti wa mbegu haukuungwa. Mizizi yake ni mchungwa na shina lake ni mchungwa. Kisiki kinachipua?"

"Kinachipua miba tu. Ilikuwa inachana nguo za wateja. Kila nikimaliza kupiga pasi, nakimwagia majivu ya moto."

Shangazi alishika kichwa. "Umekuwa unamchoma pacha wako."

Walitoka wote wanne. Kisiki kilikuwa kando ya mfereji, kimekuwa cheusi kwa majivu. Upande wa mbele hakukuwa na kitu. Kidoti akalala kifudifudi, akaingiza mkono kati ya kisiki na ukuta, mahali ambapo majivu hayakufika. Miba ikamkwaruza. Akaleta jani moja, akampa Mama Pindo kwa mikono miwili.

Mama Pindo alilisaga, akanusa. Akafumba macho. Hakuna aliyemharakisha.

"Ndiye," alisema.

Shangazi akaeleza kwamba chipukizi la kisiki cha mti wa mbegu huja na miba, lakini macho yake ni ya chungwa lile lile. Kama mti ule ungekuwa wa kuungwa, chipukizi la chini lingekuwa la mti mwingine, kama ilivyotokea kwa mche. Na mlimau uliosimama uani haukuwa na kosa. Una mizizi tayari, tena mbali na mfereji, wataunga macho ya kisiki pale pale uliposimama, na mengine kwenye makopo kama akiba.

"Ila hapa jua ni kali," alisema, akimgeukia Kidoti. "Nani atauwekea kivuli?"

Shangazi alipomaliza kuunga, Kidoti na Sindano waliunganisha vipande vya vitambaa vilivyobaki vya cherehani, vya maua, vya mistari na vya sare za shule, wakavifunga kwenye fito juu ya mti. Wapita njia waliuliza kama kuna harusi. Mama Pindo alitoka kizingitini akawajibu kwa sauti ile ile aliyogombea: "Ni mchungwa wa mama. Mama Miche hakuniibia kitu, nilisema uongo nisiojua ni uongo. Kanunueni miche kwake, na acheni kunusa mipapai ya watu."

Kila siku baada ya shule Kidoti alikuja. Alimwagilia kiasi, akapima udongo kwa kidole, akabandua kila chipukizi la limau chini ya kiungo. Mama Pindo alimruhusu uani. Ndani hakumkaribisha, wala hakumsemesha zaidi ya salamu. Kidoti alimaliza kazi, akaaga, akarudi kwao harufu ya mapishi ikimfuata.

Jicho lilivimba, likafunguka. Chipukizi lilipokomaa, shangazi alimwagiza aondoe vitambaa kidogo kidogo, kwanza vya upande wa asubuhi, mpaka mti uzoee jua. Siku kitambaa cha mwisho kilipotoka, shangazi alikuja mwenyewe kukagua kiungo. Akapitisha kidole juu yake, akaridhika.

"Umeona, Kidoti," alisema. "Jua lile lile lililonenepesha nyanya ndilo lililoua mchungwa. Kila mche una mahitaji yake, na kabla hujayajua, uliza. Ukikosea, sema siku ile ile. Ungeniambia mapema, nisingempa jirani yangu limau, naye asingeniita mwizi. Tungekuwa tumepoteza jicho moja tu."

"Nimeelewa, shangazi."

Kidoti aliokota ndoo, akaaga kama kawaida, akageuka kuondoka. Mama Pindo alikuwa kizingitini, mwiko mkononi, mkanda shingoni.

"Sindano, ongeza sahani mbili," alisema akigeukia ndani. Kisha akamtazama Kidoti usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Na wewe unakwenda wapi na mikono ya udongo hivyo? Kanawe, umshike shangazi yako muingie. Chakula kinapoa."