Glavu Nyeupe na Karai la Chuma

Kiroba kilipasukia mbele ya duka la vitambaa, saa ambayo watu walipita bega kwa bega. Magome makavu ya miti yakamwagika miguuni mwa wateja. Msichana mwenye gauni la pamba la rangi ya kutu akapiga magoti kuyaokota.

"Dada, unauza kuni?" aliuliza kijana aliyekaa barazani na cherehani yake.

"Natengeneza rangi. Kuni kaulize jikoni kwenu."

Fundi akacheka. Alikichukua kiroba, akakishona papo hapo kwa uzi wa jinzi, na ujira alioutaka ni namba ya simu tu.

Tangu siku hiyo alimwita Bi Magome. Kila Jumamosi walikwenda msituni nje ya mji kuokota majani na magome yaliyoanguka, maana Bi Magome hakubandua magome ya mti ulio hai. Chumbani kwake vitambaa vilining'inia ukuta hadi ukuta, vya manjano na vya hudhurungi, na mikono yake ilikuwa ya rangi hizo hizo.

Alhamisi moja fundi alimletea glavu nyeupe za lesi, alizozishona mwenyewe.

"Za nini?"

"Za Jumapili, mpenzi. Tunapokwenda kwa mama."

"Unanionea aibu."

"Siyo mimi. Mama ana maneno, unajua."

"Basi mvalishe yeye. Anayenitaka atanichukua na mikono yangu."

Jumapili ikapita, chai ya mama mtu ikapoa mezani. Simu iliita siku tatu bila kupokelewa. Siku ya nne Bi Magome aliipokea.

"Bi Magome, rangi hutokaje mikononi?"

"Mikononi mwa nani?"

"Fungua mlango."

Fundi alisimama kizingitini, shati limenyooshwa kwa pasi, mikono myeusi tii hadi viwikoni.

"Nilichemsha magome uliyoyasahau kwangu. Nilitaka ifanane na yako."

"Yangu si myeusi. Ulichemshia kwenye nini?"

"Karai la chuma. La mama."

Bi Magome akaziba mdomo kwa kiganja. "Magome haya yakikutana na chuma yanakuwa wino, fundi. Hiyo utakaa nayo wiki mbili."

"Mama kaniambia nina wazimu. Nikamwambia huyo ndiye mke ninayemtaka, na kama mikono yake haifai mezani kwake, na yangu haifai."

"Akasemaje?"

"Aliitazama mikono yangu. Kisha akasema mwenye ujuzi huo aje alisugue karai lake."

"Na glavu?"

"Nimezikata. Ni viraka vya kiroba chako."

Bi Magome alivaa lile gauni la kutu, akaikunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko.

"Twende. Ila karai silisugui ng'o. La namna hiyo nimelitafuta mwaka mzima kwa rangi nyeusi, namwomba anipe."

Wakashuka ngazi, wakatoka barabarani mchana kweupe wameshikana mikono, na aliyetaka kutazama akatazama.