Jaruba Nyuma ya Jiko

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilikuwa nafagia uwanja huku Bibi Katarina akimenya mihogo na kunisimulia habari za kwao Mpimbwe. Kule Mpimbwe mpunga ulinukia mpaka njiani. Kule Mpimbwe vyura waliimba kuliko kwaya ya kanisani. Baba alimtania, "Mama, na mbu wa kule nao walikuwa watamu?" Bibi alicheka, lakini kidogo tu. Tangu Babu afariki tukamleta Bibi hapa Mpanda, sikuwahi kumsikia akiimba.

Tunaishi kwenye viwanja vipya, mahali tambarare. Kila aliyejenga hapa alipewa masharti: udongo uinuliwe kuzunguka msingi, uwanja ushuke kidogo kwenda nyuma, na mtaro unaopita nyuma ya nyumba zote usizibwe. Baba alisawazisha uwanja wetu kwa koleo mpaka mgongo ukamuuma.

Mvua zilipoanza, Baba alikuwa safarini Karema na lori. Bibi akaniambia, "Evaline, niletee jembe." Akaupanua mtaro nyuma ya jiko, akainua kingo za udongo, maji yakatuama. Kisha akaomba miche ya mpunga kwa mwenzake wa jumuiya ya kanisani, akaanza kupandikiza.

Jamani, aliimba! Aliimba Kipimbwe, ameinama, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu, na mimi nikiitikia bila kujua maneno. Lilikuwa jaruba dogo la mpunga lisilozidi mkeka, lakini kila jioni alikwenda kulitazama.

Wiki iliyofuata ikanyesha mvua kubwa. Asubuhi nilikwenda kumpitia rafiki yangu Minza, wa nyumba iliyo juu yetu kwenye mtaro, twende shule. Nikamkuta mama yake anachota maji ndani kwa beseni. Kitanda cha mtoto mchanga kilikuwa juu ya matofali.

"Sijui maji haya yanatoka wapi," alisema Mama Minza. "Mwaka jana hayakuingia. Ona ukuta!"

Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi. Nikagusa ukuta kwa chini, kidole kikazama. Mtaro wao ulikuwa umejaa mpaka juu, na nilijua maji yamezuiwa wapi. Angani wingu jingine jeusi lilikuwa linakuja. Ningekaa kimya, ukuta ungewaangukia. Ningesema, Bibi angeacha tena kuimba.

Nikarudi mbio. Bibi alikuwa amechuchumaa jarubani anang'oa majani.

"Bibi," nilisema, na machozi yakanitoka, "maji yetu yamelala kwa akina Minza. Ukuta wao umelainika."

Bibi aliutazama mpunga wake, akaweka jembe begani, akatoka. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anakwenda kuona.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mama Minza, beseni mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Maji haya ni yangu. Nimeziba mtaro nikapanda mpunga."

Mama Minza aliangusha beseni. "Yaani Bibi! Mimi nachota tangu alfajiri na mtoto mgongoni, kumbe mpunga?"

"Una haki ya kunigombeza. Utanigombeza vizuri mvua ikipita. Sasa njoo na jembe lako."

Tulibomoa kingo sote wanne, haraka haraka. Minza na mimi tuling'oa miche na udongo wake, tukaipanga kwenye karai. Bibi alipokata kipande cha mwisho, maji yakaondoka kwa kishindo. Mvua ikashuka palepale. Tulisimama chini ya paa la jiko, tumelowa chapachapa, tukiangalia maji yakipungua kwenye mtaro wa akina Minza.

Bibi alishika bega langu. "Umefanya vizuri kuniambia, mjukuu wangu. Kule Mpimbwe hakuna aliyeziba maji kabla ya kuongea na mwenye jaruba la juu na mwenye jaruba la chini. Mimi nimekumbuka mpunga, nikawasahau majirani. Maji yakipita kwako, usifikirie uwanja wako peke yako."

Mama Minza akavuta pumzi, akaangalia lile karai. Hasira zilikuwa zimeanza kumtoka. "Bibi, sisi Wasukuma nasi tunalima mpunga. Nina kipande cha mbuga ya mpunga kule Kabungu. Miche hii isife bure."

Baba aliporudi, alileta kifusi na simenti, akaimarisha ukuta wa akina Minza. Jumamosi tukaenda Kabungu. Bibi alivua viatu, akaingia kwenye maji, lakini hakupanda kwanza. Aliweka mikono mdomoni, akamwita mwanamke aliyekuwa akilima jaruba la chini.

"Wee mwenzangu! Tukizuia maji mpaka kesho, uliyonayo yatakutosha?"

"Yatanitosha, Mama! Zuieni tu!"

Ndipo Bibi akainama, akachomeka mche wa kwanza, akaanza kuimba.