Kibanio Alichovaa Yumna

Jioni ile sikuwa na safari ya maana. Nilikuwa napeleka kibanio kimoja cha nywele kwa mteja, njia ya Wesha, nirudi kabla wali haujapoa. Nikamwachia mama yangu, Bi Mwanapili, sufuria jikoni na mwanangu Yumna ukumbini, nikajitanda mtandio.

"Wendapi na jua lazama?" mama aliniuliza.

"Napeleka mzigo mara moja tu, mama."

"Kesho hakuna?"

"Mteja ataka leo."

"Wateja wako hao," alisema, akarudi kwenye mbuzi yake kukuna nazi.

Kama hunijui, mimi ndiye Kazija wa vibanio. Gombani wananijua. Nakaa kwangu, nakata utepe wa satini, napitisha ncha zake juu ya moto wa mshumaa zisifumuke, naukunja huku na huku mpaka utoe mabawa mawili, nakaza kiuno kwa uzi, kisha naubandika kwa gundi ya moto juu ya kibanio cha chuma, kile chenye meno. Sikusomea popote. Nilianza kwa ajili ya Yumna, maana nilichoka kumwona anakwenda skuli na raba za kufungia mifuko kichwani. Wenzake wakavitaka, mama zao wakavitaka, na mimi nikaona bora nivute kiti nikae.

Siri ya biashara ilikuwa kichwa cha Yumna. Ana nywele nyingi, nyeusi, nzito. Kibanio hata kiwe cha hivi hivi, kikikaa pale utasema cha harusi. Namvisha, nampiga picha, naweka kwenye stetasi ya simu. Lakini nampiga kwa kisogoni, usoni hata siku moja. Jina lake pia siliandiki. Najua watu wana macho, na mimi si mjinga. Ndivyo nilivyojidanganya.

Mteja huyu alinitumia ujumbe wa sauti. Mama mtu mzima, mpole, maneno yake ya taratibu. "Mwanangu, nataka kile cha zambarau alovaa binti yako." Nikamjibu kwamba nitamtengenezea chengine sawasawa na kile, tena kipya.

"La. Sitaki mfano wake. Nataka kile kile alovaa."

Nikacheka peke yangu. Nilidhani ni wale waliowahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, wakaona picha hii wakaletewa kitu kingine. Nikakitoa kichwani kwa Yumna alasiri ile ile, nikakitia mfukoni.

Bodaboda alinishusha pembezoni mwa barabara, akasema atanisubiri. Nyumba ilikuwa nyuma ya mikarafuu, ya matofali matupu, haijapigwa plasta. Taa haijawashwa. Adhana ya magharibi ilikuwa ikitoka mbali, chini huko bandarini.

"Hodi."

"Karibu mwanangu. Mlango u wazi."

Harufu ndiyo iliyonipokea kwanza. Harufu ya mshumaa na kitu kilichoungua ncha. Nusura nitabasamu, nikafikiri, kumbe na huyu bibi anatengeneza. Nikapiga hatua ya pili ndani… nikajua haukuwa utepe.

Zilikuwa nywele.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka. Kanga safi, miwani yenye kamba shingoni, ungemwona hospitali ungemwamkia ukidhani ni mkunga mstaafu. Mbele yake alikaa mtoto wa kike, umbo la Yumna kabisa, nywele zimefumuliwa. Alielekea ukutani. Hakugeuka kunitazama.

"Mjukuu wangu huyu," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Umri wa kwenda skuli keshautimiza, na neno moja hajasema. Hata siku alozaliwa hakulia."

"Mungu atamjaalia, bibi."

"Keshamjaalia. Lete."

Nikampa. Alikifungua kile kibanio polepole, akakisogeza karibu na miwani. Halafu, kwa kucha mbili, akavuta kitu kutoka kwenye meno ya kibanio. Unywele. Mrefu, mweusi. Kisha mwengine.

Kwetu nywele za mtoto hazitupwi. Zinazobaki kwenye kitana mama yangu huziokota mmoja mmoja, akazifukia pahala asipopajua mtu. Nimekua naona hivyo, na nimemcheka sana kwa hilo. Na akili zangu zote zile, nikauficha uso wa mtoto, nikayasahau meno ya kibanio.

Bibi alizipeleka nywele mbele ya mdomo wa yule mtoto. Sikuona zilikokwenda. Kisha akambana kibanio utosini, akamsawazishia mabawa ya utepe, akainama sikioni pake.

"Yumna," alinong'ona.

Akamsogelea zaidi.

"Yumna."

"Beee."

Ilikuwa sauti ya mwanangu. Sisemi ilifanana. Yumna akiitwa naye yuko mchezoni huivuta ile *bee* yake, na mwishoni hunung'unika kidogo, kama anayeambiwa apande mlima. Na ule mnung'uniko ulikuwemo.

Sikuaga. Sijui hata viatu nilivivaa vipi. Nilimwambia dereva, "Kimbiza," naye akauona uso wangu, akakimbiza.

Mama nilimkuta mlangoni amemshika Yumna mabega.

"Kazija, mtoto huyu ana nini? N'namwita tangu adhana, haitiki!"

Yumna aliniona. Akafungua mdomo, akaupanua, mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakamtoka. Hakikutoka kitu. Hata ile pumzi ya mtu anayelia haikutoka. Nilimkumbatia nikahisi kifua chake kinapiga, na niliogopa ambavyo sijawahi kuogopa maishani mwangu.

Nikamweleza mama. Hakunigombeza, na hilo likanitia hofu zaidi.

"Kilikuwa na nywele?"

"Zilikuwemo, mama."

"Rudi. Rudi sasa hivi, isha haijaadhiniwa. Kakitoe kwa mkono wako weye ulomzaa. Yule mtoto akigeuka, usimtazame. Akikwita, usimwitikie. Wanisikia? Hata akikwita vipi."

"Nikimwitikia?"

"Ushamkubali kuwa mwanao. Na huyu hatosema tena."

Akamvuta Yumna kwenye msala wa kuswalia, akaanza kumsomea. Nikarudi na bodaboda yule yule.

Kabla sijafika mlangoni nilisikia mtoto anasimulia. Paka wa jirani alivyodumbukia kwenye ndoo. Mwalimu alivyomwita mbele akasoma. Visheti alivyoahidiwa na bibi yake. Habari za Yumna zote, kwa sauti ya Yumna, zinamiminika. Na yule bibi anacheka na kulia pamoja. Nikwambie kweli, roho iliniuma. Kilio kile kilikuwa cha furaha, kilio cha mtu aliyengoja kwa muda mrefu.

Nikaingia bila hodi. Mtoto akanyamaza, uso bado ukutani.

"Usinionee, mwanangu," bibi alisema. Hakuinuka. "Wako kasema miaka yote hiyo. Wangu kasema leo tu."

Nikatia mkono kwenye kichwa kile. Nywele zilikuwa baridi, zina majimaji, kama mwani uliotolewa pwani sasa hivi. Nikakibana kibanio kifunguke. Hakikufunguka. Nikavuta. Kichwa kikaja na mkono wangu… kikaanza kugeuka… polepole…

Nikafumba macho, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Kikatoka.

Nilipapasa ukuta mpaka mlangoni. Mguu mmoja ulishakuwa nje.

"Mama."

Nikasimama.

"Mama, waniacha?"

Wewe unayesoma, kama una mtoto, jaribu kusikia hivyo ukakaa kimya. Neno lilishafika kwenye ulimi. Nilijaza mtandio mdomoni, nikauma mpaka taya zikauma. Na nyuma yangu bibi ananong'ona, kwa upole ule ule:

"Mwitikie, mwanangu. Kakwita kwa adabu."

Nilikimbia.

Mama alikitupa kibanio kwenye makaa. Utepe ukajikunja, gundi ikachemka, harufu ikajaa jiko zima. Yumna akapiga kelele. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama nilivyokifurahia kile.

"Hukuitika?" mama aliniuliza.

"Sikuitika."

"Basi jua likishazama usiitike tena. Sharti umwone uso kwanza."

Baadaye niliulizia. Namba ya simu haipatikani. Watu wa njia ile wananiambia bibi alikuwa mtu mwema, msafi, hana ugomvi na mtu, na kwamba amehama, hawajui kaelekea wapi. Mjukuu wake? Walikuwa wakimwona kwa mbali, amekaa na bibi yake. Uso wake hakuna aliyeukumbuka. Jina la mwanangu alilijua vipi? Mpaka leo sijapata jibu.

Nikaacha picha. Nikaendelea na vibanio, maana ndiyo kazi yangu, ila kila kimoja nakifuta meno kwa kitambaa mpaka vidole vinakwaruzika. Nikaanza kujiambia yamekwisha.

Magharibi moja nilikuwa naunguza ncha za utepe. Yumna amekaa ubavuni pangu, anapaka rangi kitabu chake.

"Mama."

Ilitoka nyuma ya jiko, uani.

Yumna akainua kichwa. Akautazama mlango wa uani, kisha akanitazama mimi.

"Mama," alisema, kwa sauti ile ile, "nani yule?"

Tangu hapo ikawa kila jioni. Yule wa uani anaita mara chache, bila hasira, kama mtoto anayejua mama yake yuko kazini, kisha ananyamaza. Nikamfundisha Yumna kwamba jua likizama asiniite kabisa. Akinitaka aje anishike. Lakini mtoto ni mtoto, akicheza anasahau.

Wiki iliyopita mama alikwenda msibani Chokocho. Umeme ulikatika magharibi. Niliwasha mshumaa nikakaa ukumbini. Yumna nilikuwa nimemlaza chumbani, alishinda na mafua, nywele timutimu, hakutaka kuguswa.

"Mama!"

Uani. Nikajikunyata.

"Mama, nifungulie!"

Mlango ukagongwa. Siku zote hakuwa akigonga.

"Mama, n'naogopa! Mama, kuna mtu huku!"

Nta ilinimwagikia vidoleni, sikuuweka mshumaa chini. Niliuma mtandio. Nikasoma kila ninachokijua. Yule mtoto aliita mpaka sauti ikakauka, na mimi nikajiambia, huyu si wangu, wangu kalala, huyu si wangu. Hatimaye kukawa kimya.

Nikaenda chumbani na mshumaa.

Kitandani palikuwa na mto na shuka tu. Kumbe alitoka kwenda choo cha uani, mlango ukajifunga nyuma yake.

Niliufungua mlango wa uani, mshumaa mkononi. Yumna alikuwa amekaa kwenye kizingiti, magoti kifuani. Nikamgeuza uso, nikamulika. Alikuwa yeye, mwanangu, jicho kwa jicho. Nikamvuta kifuani, namwomba radhi, nalia. Hakulia. Mkono wangu ukapita kichwani kwake, ukasimama.

Nywele zilikuwa zimechanwa. Vizuri, kwa utulivu, zimegawanywa njia katikati na kusukwa.

"Nani kakuchana, mwanangu?"

"Bibi."

"Bibi yako yuko Chokocho."

"Si huyo. Yule mwengine." Alinitazama bila hasira. "Weye nilikwita hukuitika. Yeye nilimwita, akaitika."

Yumna anakula, anakwenda skuli, anazungumza na kila mtu. Mimi haniiti tena. Akinitaka huja akanigusa nguo, kama nilivyomfundisha. Na jua likizama huacha anachokifanya, akakaa kuelekea mlango wa uani, akatega sikio. "Bee," anasema, mimi sijasikia aliyemwita.

Yule wa nyuma ya jiko hajaacha. Ndiye peke yake anayeniita mama sasa. Jana aliita, nikafungua mdomo nimwitikie. Mama yangu aliniwahi, akaniziba kwa kiganja, tukakaa hivyo mpaka isha ilipoadhiniwa.