Halua Iliyorudi Nzima

Siku ya kliniki ya lishe pale Amu watu hujaa mpaka kibarazani. Alawiya alikuwa amebanwa kwenye benchi, na buibui lake jipya lenye nakshi za dhahabu mikononi, alipokanyagwa mguu na kijana wa kikoi cha samawati aliyemshika mamake mkono.

"Niwie radhi, Bi mdogo. Mamangu ana presha, nami nina haraka."

"Presha unayo wewe!" Alawiya akamjibu, na kina mama wakaangua kicheko.

Jina lake Mahdi, mpishi wa halua. Alinukia hiliki na samli. "Na wewe umekuya kutafuta nini hapa? Kunenepa?"

Alawiya alikuwa na kisukari. Mamake alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, na mwaka haukugeuka akazikwa. Ndiyo maana binti hakosi kliniki. Lakini amwambie nani, kijana huyu mzuri?

"Nimemsindikiza shangazi," akasema.

Zikaanza simu.

"Umekula nini, tamu yangu?"

"Samaki wa kuchoma na mchicha."

"Mchicha! Kwani wewe mbuzi? Ngoja nikuoe, nikulishe halua mpaka uniombe msamaha."

Alawiya alicheka, na simu ikikatwa akainama. Shangazi yake, Bi Huwaida, alishamwonya: "Nyamaza uolewe kwanza. Nani atachumbia mgonjwa?"

Posa ikaja na sinia ya halua. Mahdi mwenyewe alikuwa ameipika ile halua, ya zafarani na lozi, inang'aa kama kioo. Kwao, mchumba humega kitonge cha kwanza mbele ya wanawake, na sinia hurudi na alama ya vidole vyake. Hilo ndilo jibu la ndiyo.

Alawiya akanyoosha mkono. Wiki ile sukari yake ilikuwa imepanda, nyayo zinamchoma. Kitonge kimoja kisingemuua, lakini alichokiona kwenye sinia ni mguu wa mamake. Akaurudisha mkono.

"Nimeshiba," akasema.

Mamake Mahdi akaifunika halua, akaondoka nayo bila kuaga.

Jioni simu ikalia. "Halua yangu haikufai, Alawiya?"

"Si hivyo, Mahdi, nisikize…"

"Basi ni mimi nisiyekufaa." Akakata. Kila alipopigiwa, hakushika. Muda si muda akamuoa binti ya ami yake, Asmaa.

Mwaka uliofuata, kliniki ileile, Mahdi akaingia na Asmaa, mjamzito, aje afunzwe chakula cha mama na mtoto. Siku hizi muuguzi Roselyn huwakalisha wagonjwa wa sukari kwenye benchi lao, lililoandikwa "Kisukari". Hapo, katikati ya wazee, alikuwa Alawiya.

Mahdi akasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujanikanyaga."

"Ungalinambia, Alawiya! Ningalikuchomea samaki umri wangu wote."

"Niliogopa. Nawe ungaliniuliza, badala ya kukata simu."

Asmaa akaita kutoka mlangoni, mkono kiunoni: "Mahdi, twaitwa!"

Benchi lilikuwa limeziba ndia. Alawiya akavuta buibui lake, na Mahdi akapita mbele yake polepole, macho chini, akichunga sana asimkanyage.