Nilimwandika Mgeni Katika Nyumba ya Rispa

Nina miaka arobaini na tisa, mjane, mama wa watoto wanne. Kwa miaka mingi nilikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja huku Kwapa, wilaya ya Tororo, Uganda, mahali ambapo ukisimama juu ya kichuguu unaona mabati ya Kenya. Watu waliniita Chairman ingawa mimi ni mwanamke, nami nilipenda kuitwa hivyo... Nilipenda mno! Ninayowasimulia leo, wasomaji wenzangu, hata padri wangu nilimwambia nusu tu.

Kwanza mjue sikuwa kiongozi mbaya. Msinicheke. Pampu ya kisima ilipoharibika, mimi ndiye niliyeshinda mlangoni kwa fundi mpaka akachoka kuniona, akaja. Ugomvi wa mipaka niliuamua kwa kutembea mashambani mwenyewe. Muhuri wa kijiji niliubeba kwenye mkoba pamoja na rozari, maana kwetu huwezi kushtaki, kuuza ng'ombe wala kuhamia kijiji kingine bila barua ya chairman. Ulimi wangu ni mkali, hilo nakubali. Lakini mlango wangu haukufungwa kwa mtu.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Rispa, mjane wa marehemu Yosefu. Alinizidi miaka kama kumi. Mungu aliwapa mabinti watupu, wote wameolewa mbali, akabaki peke yake kwenye shamba zuri linalogusa barabara ya malori. Kaburi la Yosefu lilikuwa humo humo, chini ya mipera. Mume wangu Simoni alipokufa, Rispa ndiye aliyekaa nami mkekani wiki nzima akininywesha uji kwa kijiko. Mtu wa namna hiyo unamlipa nini?

Ukaja uchaguzi. Mwenyekiti wa kijiji kwetu hachaguliwi kwa karatasi. Wagombea wanasimama uwanjani mchana kweupe, na kila anayekutaka anajipanga nyuma yako, kisha watu wanahesabiwa. Ukishindwa, kijiji kizima kinaona mstari wako ulivyo mfupi. Mpinzani wangu alikuwa Okiru, mwenye ghala la mahindi, mtu wa maneno matamu. Nikaanza kuona wanawake sokoni wakinyamaza nikipita. Hofu ikaniingia... Hofu ya aibu tu, wala si kitu kingine!

Hapo ndipo shemeji yangu Omoding, mdogo wake Simoni, alipokuja na shauri lake. Akasema ndugu zetu wa ukoo wako tele upande wa pili, mpaka ulipita katikati ya mashamba ya babu zetu, kwani wao si watu wetu? Waje wajipange nyuma yangu. Kinachotakiwa ni kuwaingiza kwenye kitabu cha wakazi na kumpa kila mmoja barua. Nilijua ni makosa. Nikakubali.

Lakini kila jina katika kitabu kile lazima liwe na nyumba. Basi nikaanza kuwagawa. Huyu nikamwandika mpwa wa fulani, yule mkwe wa fulani. Wa mwisho Omoding alimleta mwenyewe, mwanamume mrefu, mkimya, aliyejiita Isaya. Nilimpa kiti, hakuketi. Nilipouliza nimweke nyumba gani, Omoding akasema kwa Rispa kuna nafasi, na Rispa ni mtu wangu, hawezi kulalamika. Ni kweli, nikawaza, Rispa wangu hawezi. Hata kumuuliza sikumuuliza! Nikaanza kuandika kwamba Isaya ni mpangaji wake, ndipo yule mtu alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Andika mtoto wa marehemu Yosefu," alisema. "Andika vizuri, Chairman."

Kalamu ilisita... Omoding akacheka, akaniambia ni karatasi ya siku moja, baada ya uchaguzi nani ataisoma? Nikaandika. Nikapiga muhuri. Isaya aliupuliza wino mpaka ukakauka, akaikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Siku mbili baadaye Rispa alikuja kwangu bila furaha yake ya kawaida. Alisema kuna mtu asiyemjua aliyetembea shambani mwake kutoka barabarani hadi kaburini, polepole, kama anayepima kwa hatua. Hakusalimu mtu. Alifika kaburini akavua kofia, akasimama muda mrefu. Mbwa wa Rispa, anayebwekea hata kuku, alikuwa amejificha jikoni. Akaniuliza kama namjua mtu huyo. Na mimi nilimjibu nini? Nilimwambia uzee umeanza kumletea mawenge, aende akapike! Akacheka, maana ulimi wangu alikuwa ameuzoea.

Siku ya kujipanga, Rispa ndiye aliyekuwa wa kwanza nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake shingoni. Mkiani kabisa alisimama Isaya. Nilishinda kwa watu wachache, na kila mmoja wao nilimjua alikotoka. Watu wakanibeba juu juu wakiimba. Waliponishusha, mkono ukagusa bega langu, na sauti ikasema taratibu sikioni, "Sasa mimi ni mkazi." Nilipogeuka alikwisha kwenda.

Mahindi hayajakomaa, Isaya akapeleka barua ile kwa wazee wa ukoo wa Yosefu. Akadai Yosefu alimzaa nje, na amekuja kuchukua ardhi ya baba yake. Omoding akasimama shahidi kwamba alimfahamu mama yake Isaya. Kwetu mtoto wa kiume akishakubaliwa na ukoo, mjane na mabinti walioolewa hawana la kusema. Tajiri mmoja aliyetaka uwanja wa kuegesha malori alikuwa tayari amesimama barabarani na futi ya kupimia... Kumbe mambo yote yalipangwa kabla sijashika kalamu!

Rispa alinijia mbio, bila viatu. Aliniomba niseme ukweli tu, nimalize. Lakini ukweli huo ungefichua barua zote, mstari wote, kiti changu, na labda ningelala jela.

Tulikutana uani kwa Rispa. Mzee wa ukoo akainua barua, akauliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ni wangu. Akauliza kama yaliyoandikwa ni kweli. Nilimtazama Rispa. Nikautazama muhuri.

"Ndivyo nilivyoandika," nikasema.

Lile halikuwa jibu! Lakini walilipokea. Rispa hakulia. Tangu tujuane alikuwa akiniita Mama Paulo, jina la mwanangu wa kwanza. Siku hiyo aliniita vingine.

"Chairman," alisema, "mimi nilisimama nyuma yako."

Baada ya wiki alirudi kwangu kuomba barua. Alikuwa anahamia Sop Sop kwa binti yake, na bila barua yangu mwenyekiti wa huko asingempokea. Naye hakuketi. Akaniambia niandike kwamba aliolewa hapa, aliishi hapa, na anaondoka bila deni la mtu. Nikaandika, nikapiga muhuri. Aliondoka na godoro na kuku wawili. Mipera ikakatwa, na leo malori yanageuzia karibu na kaburi la Yosefu.

Mnadhani iliishia hapo? Jioni moja Omoding na Isaya waliingia kwangu bila hodi. Isaya akatandaza karatasi safi mezani, akailainisha kwa kiganja. Jina niliache wazi, akasema, mtu watamleta.

"Andika mtoto wa marehemu Simoni."

Simoni! Mume wangu! Omoding alikuwa dirishani akiliangalia shamba langu. Akasema kwa upole kwamba nikikataa, atatangaza jinsi nilivyoshinda. Njia waliyopita kwenda kwa Rispa niliwafungulia mimi, na sasa walikuwa wanaipita kuja kwangu.

Sikuandika. Kesho yake nilibeba muhuri na kitabu cha wakazi hadi gombolola, kwa wakubwa wa tarafa, nikasema yote. Uongozi nimevuliwa, kesi inaendelea. Omoding na Isaya walivuka upande wa pili, na hakuna ajuaye watarudi lini. Mbwa wangu akinyamaza ghafla, natia komeo mlangoni. Kuhusu shamba la Rispa, wakili anasema itachukua miaka, na huenda lisirudi.

Nilikwenda Sop Sop kuomba msamaha. Rispa alinikaribisha, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliniuliza swali moja tu.

"Nikifa, nani ataniandikia barua ya kurudi kwa Yosefu?"

Niliosha kikombe changu, nikaaga. Nakuomba wewe unayegombea, huko uliko... Mstari wako ukiwa mfupi, uache uwe mfupi! Nenda nyumbani ukalime, watu watakucheka mwezi mmoja watasahau. Usimwandike mtu katika nyumba ya mwenzako. Mimi kicheko cha mwezi mmoja nilikikimbia, na Rispa amekosa pa kuzikwa.