Ukuta Uliovishwa

Ukungu wa nyumba nyingine huota ovyo, huku kidogo na kule kidogo, kama upele. Ule wa nyumba ya Fundi uliota umekaa kitako.

Mkewe ndiye aliyeuona kwanza. Mtaa mzima ulimwita Bi Uzi kwa sababu ya kazi yake ya ushonaji, na siku hiyo alikuwa ameshuka na futi yake kupima chumba cha chini ya nyumba, kile walichokiita Shimoni. Mumewe alikuwa amemwahidi kwamba humo ndimo atakapoweka cherehani zake, aache kushonea nguo za watu juu ya meza ya chakula. Akaliona doa kwenye ukuta usio na dirisha. Lilikuwa la kijani kibichi kinachoelekea weusi, lina mabega, lina kiuno, lina magoti yaliyokunjwa upande mmoja, kama mgeni aliyeambiwa karibu akakaa, sasa anamsubiri mwenye nyumba.

“Fundi, njoo uone kitu hiki.”

Fundi alikuja akachungulia. “Unyevu tu huo. Maji ya ardhini yanapanda. Nitaupiga rangi.”

“Si wewe husema ukuta uliolowa haupakwi rangi?”

“Hiyo nawaambia wateja, mke wangu.”

Alikuwa fundi rangi, na mzuri. Alijua fika kwamba ukuta wa namna ile hukwanguliwa kwanza, ukapewa hewa, ukakauka hadi ndani, ndipo brashi iuguse. Lakini dada yake alikuwa anakuja kuwatembelea, na dada huyo alikuwa na macho ya kupekua hadi uvunguni. Fundi rangi kulala na madoa nyumbani kwake! Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini Fundi alitaka watu waamini kwamba yeye hujinyoa. Akalifunika doa kwa rangi nyeupe, mikono miwili, tabaka juu ya tabaka, ukuta ukiwa bado unatoka jasho.

Dada akaja, akasifia, akaondoka. Doa likarudi. Safari hii lilikuwa na shingo.

Bi Uzi alitarajia mumewe agombe. Hakugomba. Alisimama mbele ya ukuta, kichwa kakiinamisha kando, akautazama vile alivyowahi kumtazama yeye siku ya kwanza walipokutana.

“Nyeupe haimpendezi,” akasema.

“Haimpendezi nani?”

“Ukuta.”

Akapaka buluu. Siku chache baadaye Bi Uzi alifungua kabati akakuta gauni lake la buluu, alilojishonea mwenyewe kwa ajili ya posa yake, limepauka kama maji ya majivu. Halikuwa limefuliwa. Halikuwa limeanikwa. Akaufumua upindo kwa wembe, maana yeye ni mtu wa kitambaa na hadanganywi na kitambaa: hata ndani kabisa ya mshono, mahali ambapo mwanga haujawahi kufika, palikuwa peupe.

Fundi akapaka kijani, sketi ya kijani ikafa. Akapaka nyekundu ya komamanga, na lile gauni jekundu la Bi Uzi, ambalo Fundi mwenyewe aliwahi kuapa kwamba likipita mtaani mafundi huanguka ngazini, likabaki kama kitambaa cha kufutia vyombo. Na Fundi akaanza kuoga kabla ya kushuka Shimoni. Mwanamume gani anaoga kabla ya kwenda kupaka rangi? Alioga, akajipaka mafuta, akachana nywele, akashuka na ndoo yake. Kisha sauti yake ilisikika kule chini ikiongea, ikinyamaza kidogo, ikicheka, kama anayejibiwa.

Bi Uzi akampelekea neno dada wa mumewe.

“Wifi, kaka yako ana mtu.”

“Nani huyo? Nitajie nikamtie adabu sasa hivi.”

“Yuko Shimoni. Ukutani.”

Wifi alicheka hadi akajishika mbavu. “Wewe mwanamke! Wenzako wanaona wivu kwa majirani, wewe unauonea wivu ukuta? Kesho nitasikia umegombana na ngazi.”

“Nguo zangu zinachujuka, wifi.”

“Badilisha sabuni.”

“Hazijafuliwa!”

“Basi badilisha roho. Mume yupo nyumbani, halewi, hatangitangi, anakupakia nyumba rangi. Unataka nini tena? Hujui kushukuru wewe.”

Na hapa ndipo pa kukasirikia. Mwanamume akisema ameibiwa, watu huuliza kaibiwa nini. Mwanamke akisema ameibiwa, watu huuliza ana nini. Wivu wake huitwa ugonjwa, kana kwamba haujawahi kuwa pua tu, pua nzima isiyo na mafua, iliyonusa kitu kilichopo kweli. Bi Uzi alikuwa amekwisha kukinusa. Kilikuwa shingoni mwa mumewe kila alipopanda kutoka chini: uvundo wa nguo mbichi iliyokunjwa ikasahauliwa, na chini ya uvundo huo, mafuta ya nywele ya Bi Uzi mwenyewe, yale ambayo chupa yake ilikwisha zamani.

Siku moja walikuwa wanakula. Fundi akaweka kijiko chini.

“Nimelifikiria lile ulilosema. Tutafute mtoto.”

Mkewe akainua uso. “Nililisema lini?”

“Jana. Kule chini. Ulilia hata ukanilowesha shati.”

“Mume wangu,” alinong’ona, “jana nilikuwa kwa bibi harusi, nampima gauni. Sijashuka kule tangu siku ile ya rangi nyeupe.”

Fundi alimtazama kwa huruma, huruma ile anayopewa mtu anayeanza kuchanganyikiwa. “Mbona kule unaongea vizuri, ukipanda huku unakuwa mkali?”

Bi Uzi alimaliza kula. Kisha, jua likiwa limesimama utosini na Fundi akisinzia kitini, alishuka mwenyewe, ngazi kwa ngazi, mkono ukipapasa ukuta, na ukuta ulikuwa na joto, joto la mwili, akauondoa mkono upesi, akaendelea kushuka huku uvundo ukimpokea puani kwanza, kisha kooni, kisha kama ulimi uliolowa nyuma ya sikio, na macho yake yalipozoea kiza akamwona amekaa palepale, lakini sasa amejaa, amenenepa kutoka ukutani kiasi cha unene wa kiganja, amevaa buluu ile, na juu yake kijani, na juu yake nyekundu, na matone yakimtiririka taratibu kutoka begani hadi pajani yakidondoka sakafuni, to, to, to, na mahali yalipodondokea palikuwa na nyayo za miguu mitupu ya mwanamke, mbichi, zinazotoka ukutani kuja hadi chini ya ngazi na kurudi, kuja na kurudi, na kutoka kule kwenye ukungu akasikia kicheko, kicheko cha pembeni mwa mdomo, cha mwanamke anayejua anapendwa, na Bi Uzi alikitambua kicheko kile kwa sababu kilikuwa chake.

“Umechelewa kupanda,” sauti ilimwambia, chini chini. “Mume wetu ataamka.”

Mume *wetu*. Bi Uzi alipanda ngazi zile asijue kapandaje.

Hakumwendea wifi tena. Alimwendea mganga mmoja mwanamke, mtu mzima, waliyemwita Bi Mkavu kwa kuwa hakuwa na mzaha wala machozi. Bi Mkavu alikuja mchana kweupe. Alishuka, akapitisha kidole ukutani, akakinusa, akajifuta kwa upande wa ndani wa upindo wa nguo yake.

“Nani alimpaka?”

“Mimi, mama,” Fundi alisema, macho chini.

“Ukuta ukiwa umelowa?”

“Ndiyo, mama.”

“Na unajiita fundi.” Akawageukia wote wawili, akashusha sauti kana kwamba kuna mgonjwa chumbani. “Jini wa unyevu hana sura. Anakaa kwenye kuta za watu, anakohoa, anaota, anakauka, hana habari na mtu. Huyu umemvisha. Ameonja. Sasa anamwonea wivu mwenye nguo, na wivu wa jini hauishii kwenye nguo. Anataka kukaa mahali pa huyu mkeo.”

Fundi akamsogelea. “Tufanyeje?”

“Mkono uliomvisha ndio utakaomvua. Wako, si wa mtu mwingine; akivuliwa na mkono mwingine, huondoka na alichokivaa. Mkwangue hadi tofali lionekane, fungua lile tundu la hewa lililozibwa kule juu, aondoke. Akiondoka uchi, amekwenda. Akiondoka na kipande chochote, kile alichokivaa kimekuwa chake.” Kisha akamshika Bi Uzi kiwiko. “Nawe, binti yangu, usiuguse ukuta huu. Hata ukikasirika.”

“Na nikikasirika sana?”

“Hapo ndipo usiuguse kabisa.”

Fundi alishuka na skrepa yake. Kutwa nzima nyumba ilisikia chuma kikikwaruza, krrr, krrr, na katikati ya mikwaruzo, kilio chembamba ambacho hakuna aliyetaka kuuliza ni cha nani. Alipopanda alikuwa mweupe kwa vumbi, macho mekundu.

“Zote?” Bi Mkavu aliuliza pale mlangoni.

“Zote, mama.”

Mganga aliliamini neno lake, akashika njia. Fundi akajitupa kitini, usingizi ukamchukua hapo hapo.

Lakini uvundo ulibaki. Bi Uzi alikaa nao kidogo, akauvumilia, akashindwa. Akashuka.

Tundu la hewa lilikuwa wazi, mwanga umeingia, tofali liko uchi ukuta mzima. Akashusha pumzi. Kisha akaona kwamba Fundi aliiegemeza ngazi yake ya kazini kwenye kona, vizuri mno kwa mtu aliyechoka. Akaisogeza.

Nyuma yake palibaki kipande cha ukubwa wa sahani. Uso. Na haukuwa umesahauliwa tu. Kwa brashi nyembamba, ile ya kupitia kingo za milango, Fundi alikuwa ameukamilisha. Aliupa nyusi, nyusi za Bi Uzi. Aliupa mdomo, mdomo wa Bi Uzi, lakini ule wa mwaka walipooana, kabla ya uchovu kuushusha pembeni.

“Alishindwa,” mdomo ukasema, kwa sauti yake. “Usimlaumu. Mwite tu, aje anivue na hiki.”

Amwite! Amwite mumewe aje asimame karibu namna ile, auinue mkono taratibu kama anavyojua kuuinua, alishike tena shavu lile? Ni mwanamke gani mwenye damu mwilini angefanya hivyo? Ni rahisi kusema alionywa. Waliomwonya hawakuwa wameambiwa, kila mchana, kupitia sakafu ya nyumba yao wenyewe, kwamba kicheko chao kinapendeza zaidi kikitoka kwa mwingine. Neno la Bi Mkavu lilimpita sikioni likaenda zake. Skrepa ilikuwa juu ya ndoo. Akaichukua.

Aliukwangua uso ule kwa mikono miwili. Ulitoka kirahisi, kirahisi kupita kiasi, kama utando juu ya maziwa yaliyochemka, na ulipokuwa unatoka haukulia wala haukuomba. Ulikuwa unatabasamu. Upepo wa baridi ukampita shingoni, ukapanda, ukatoka tunduni. Mara chumba kikawa kikavu. Uvundo haukuwepo. Alivuta pumzi ndefu ya kwanza tangu siku nyingi, na kifua chake kikaipokea bila kukohoa.

Juu, kiti kililia. Nyayo zikaja mlangoni, zikaanza kushuka. Fundi alitokea mwangani akiwa mzima kabisa, macho yake meupe kama ya zamani, amepona, na Bi Uzi akaitupa skrepa, akamkimbilia mikono wazi, akilia na kucheka kwa pamoja.

“Fundi wangu! Ameondoka! Kwisha, mume wangu, ameondoka!”

Fundi alisimama kwenye ngazi ya mwisho. Alipiga hatua moja nyuma, akainamisha macho, kama afanyavyo mwanamume mwenye adabu akimkuta ndani kwake mke wa mtu.

“Samahani, shemeji,” alisema kwa heshima zote. “Sikujua kama kuna mtu huku. Mke wangu hujamwona? Alikuwa hapa hapa.”